Mpaka Ulipofika Unyasimbo

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Nimefungua ofisi. Upepo umeng'oa tena boksi nililozibia dirisha. Vumbi mezani, vumbi kwenye mihuri. Wamekuja wa barua za utambulisho, kisha wawili wa ugomvi wa mbuzi. Mbuzi kala mbegu, mwenye mbegu kamvunja mbuzi mguu. Nimewasuluhisha. Wameondoka bila kupeana mikono.

Mchana tarishi kaleta barua ya halmashauri ya mji. Kata ya Mawe Mawili imepanuliwa. Upande wa mashariki mpaka unavuka korongo na kuchukua kitongoji chote cha Unyasimbo. Sababu: mji unakua, viwanja vinatakiwa, wafanyabiashara wanasubiri.

Unyasimbo ndiko nilikozaliwa. Baba yangu yuko huko mpaka leo, na ng'ombe wake, na makaburi yetu.

Kwa hiyo sasa mimi ni mtendaji wa kata wa baba yangu mzazi. Nilipomwambia Yunisi, mke wangu, kacheka sana. Halafu kaacha kucheka.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimeenda Unyasimbo kwa baiskeli. Baba alikuwa nje ya tembe akigombana na redio. Betri zimeisha, kazianika juani kama mahindi. Shikamoo yangu kaipokea bila kugeuka.

Nikamweleza habari ya mpaka. Kanusa ugoro, kapiga chafya, kaanza kunihesabia. Alipozaliwa, mahali pale palikuwa pa mtemi, na mpaka ulikuwa ule mstari wa majabali kule juu. Wakoloni wakaleta jumbe, mpaka ukashuka korongoni. Baada ya Uhuru ikaja kata, Unyasimbo ikaungwa na watu wa kusini ambao hata kuoana nao hatujawahi. Kisha operesheni ya vijiji. Hiyo naikumbuka mwenyewe, nilikuwa kijana. Tulipangwa kando ya barabara kuu, nyumba kwa mstari. Baba alitembea njia nzima amebeba mlango wa tembe mgongoni. Hakutaka kuwaachia.

Mambo yalipolegea akarudi, na mlango wake. Wengine wakamfuata kidogo kidogo. Hakuna aliyewauliza. Mama alipofariki tukamzika nyuma ya zizi, kando ya wadogo zangu wawili.

"Mimi sijahama," kaniambia. "Waambie hao wanaohamahama ndio waje kunisalimia."

Nimecheka. Njiani kurudi sikuona tena cha kuchekesha.

Jumapili, 18 Agosti

Mkutano wa hadhara Unyasimbo, baada ya ibada. Nimesoma sheria ndogo za mji mbele ya watu walionilea. Ng'ombe hawaruhusiwi kufugwa huria. Hakuna kujenga bila kibali. Hakuna kuzika nyumbani. Maiti wote wazikwe makaburi ya mji.

Hapo kwenye kuzika ndipo kelele zilipoanza. Makaburi ya mji yako upande wa magharibi kabisa, ng'ambo ya stendi na soko. Baba mdogo Mpondo, mdogo wake baba, kasimama kaniita kwa jina la utotoni mbele ya watu wote. Kaniuliza kama na wazimu umo kwenye sheria ndogo.

Nimejibu kwamba mimi natekeleza tu. Nimeyasikia maneno yangu mwenyewe na nimeyachukia.

Jumanne, 27 Agosti

Wapima ardhi wamekuja. Wamepigilia vigingi mpaka kwenye shamba la alizeti la baba, mabua bado yamesimama. Mfanyabiashara mmoja anataka eneo la karibu na barabara aweke mashine ya kukamua mafuta. Amekuja na gari, hakushuka, kaangalia kupitia kioo.

Mtendaji wa kata jirani amepunguzwa kazi. Kapewa barua asubuhi, mchana kakabidhi mihuri. Mtu mwenye watoto sita. Nimemkuta stendi amekaa juu ya begi, hajui apande basi la wapi. Kaniambia serikali siku hizi haitaki watu.

Naogopa. Naandika wazi: naogopa. Neema yuko sekondari, wadogo zake wawili wanamfuata, na siku hizi kila kitu ni kuchangia.

Ijumaa, 13 Septemba

Sela amefariki. Mtoto wa jirani wa baba, umri wa kuanza shule. Homa, kisha degedege, mama yake kambeba mgongoni kwenda zahanati, hakufika naye hai. Baba wa mtoto yuko machimboni, hajulikani ni machimbo yapi.

Mama Sela ni mdogo kwangu. Nilicheza na kaka zake. Sela alikuwa na mazoea ya kunikimbilia akitaka kupiga kengele ya baiskeli.

Jioni mgambo kaja kunipa taarifa. Unyasimbo wanachimba kaburi nyumbani kwa Mama Sela. Mkurugenzi wa halmashauri tayari anajua, sijui kwa nani. Kaniagiza kwa neno moja: simamia.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimefanya.

Nimekwenda na mgambo wawili. Kaburi lilikuwa tayari, dogo, limekaa vizuri. Katekista alikuwa amefungua kitabu. Nikasema maneno niliyokuwa nimejiandaa kusema. Hakuna aliyenipigia kelele safari hii. Hilo ndilo lililoniumiza.

Mama Sela aliingia kaburini akaketi. Hakulia. Alikunja miguu, akaweka mikono mapajani, kama mtu anayesubiri chakula. Nikamwomba atoke. Nikamwomba tena. Mgambo mmoja akashuka kumshika mkono, mimi nikakaa kimya. Nilipaswa kumkataza, nikakaa kimya.

Mwishoni alitoka mwenyewe. Akaniangalia, akasema, "Haya, Mtendaji. Nionyeshe unakotaka akalale."

Si Elia. Si kaka. Mtendaji.

Tukaenda na mkokoteni wa ng'ombe, tukapita katikati ya mji, mbele ya mitumba na maduka ya redio. Watu wakinunua. Makaburi ya mji hayana hata mti. Mgambo walifukia lile shimo la nyumbani ili lisitumike.

Yunisi kaniwekea chakula kisha kaenda kulala kwa watoto.

Jumapili, 15 Septemba

Kanisani tumekaa benchi zima peke yetu.

Jumatatu, 30 Septemba

Ofisi haina watu. Wa Unyasimbo wanaohitaji barua wanapita, wanachungulia, wakiniona ni mimi wanaondoka. Mtu anaacha kuandikisha mwanawe shule ili asinisalimie.

Nilimpelekea baba sukari na betri za redio. Kaviacha pale pale juu ya jiwe. Hakunifukuza. Kaniuliza kama nimeshawahi kwenda kumwona yule mtoto. Nikasema bado. Kasema, "Mimi nimekwenda." Kwa miguu, mzee kama yeye, na kifua kile. Kapita soko zima na fimbo.

Anakohoa vibaya. Ameisha. Shati linamning'inia kama liko kwenye kamba.

Jumamosi, 12 Oktoba

Baba kaanguka zizini. Baba mdogo Mpondo kamkuta amelala katikati ya ng'ombe, wanamnusa. Tumempeleka hospitali kwenye gari la alizeti, juu ya magunia. Daktari kaniita pembeni. Mapafu. Kasema tumemchelewesha sana mzee. Kasema "tumpe faraja."

Nimesimama kwenye korido nikashika ukuta.

Alhamisi, 17 Oktoba

Baba kakataa kubaki hospitali. Yuko kwangu, chumba cha wasichana. Anataka Unyasimbo lakini safari hataiweza.

Leo kaja Mpondo. Hakukaa. Kasema ukoo umeshakubaliana: kaka yake atalala nyuma ya zizi, kando ya mkewe, na atakayeleta mgambo atakuwa hana ukoo. Kaniambia nichague mapema, kaburi la mtu halichimbwi kwa kusitasita.

Kwa hiyo nimebanwa. Nikizika nyumbani, kazi imekwenda, na watoto na kila kitu. Nisipozika nyumbani, sina ndugu. Na huku baba bado anapumua chumba cha pili, anasikia kila neno, ukuta wenyewe ni wa udongo.

Jumanne, 22 Oktoba

Mkurugenzi kaniita. Nilidhani ni barua ya kupunguzwa.

Kumbe kanipa pole. Kaniagizia chai. Kasema amesikia mzee hali mbaya, na kwamba mimi ni mtu wao, nimeonyesha msimamo. Kama litatokea la kutokea, nizike nyumbani kimya kimya. "Sheria ina macho, lakini nayo hufumba," kasema, kacheka.

Nimemshukuru! Nimetoka pale nikiwa mwepesi, nimeendesha baiskeli kama kijana. Kazi ipo, ukoo upo, baba atalala na mama. Sijalala vizuri tangu Septemba, leo nitalala.

Baadaye, siku hiyo hiyo. Sikulala. Niliingia kumweleza baba habari njema. Kanisikiliza mpaka mwisho. Kaomba maji, kanywa kidogo.

"Na Mama Sela utamwambia nini?"

Nikapokea kikombe, nikakiweka chini.

"Nipeleke kule kwa mtoto," kasema. "Yuko peke yake na wageni."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia mama yuko nyumbani, anamsubiri. Kakasirika, kakohoa mpaka damu. Kasema mama ni mtu mzima, ataelewa, na tangu lini mimi nimekuwa mtu wa kumfundisha habari za mkewe. Kisha kalia. Sijawahi kumwona baba akilia. Hata siku ya kubeba mlango hakulia. Analitaka lile kaburi la nyuma ya zizi, analitaka sana, na anajinyima kwa sababu yangu.

Mimi ndiye niliyemfikisha hapa. Hakuna namna nyingine ya kuliandika.

Ijumaa, 25 Oktoba

Baba yangu, Hango, amefariki asubuhi. Yunisi alikuwa amemshika. Mimi nilikuwa nje nikichota maji.

Jumamosi, 26 Oktoba

Siwezi kuandika kwa mpangilio.

Mpondo alifika na vijana, tayari wamechimba Unyasimbo. Nilipowaambia alichosema baba, hakuna aliyeamini. Nani angeamini? Mpondo alisema nimemuuza kaka yake kwa mshahara. Nikasema Mkurugenzi karuhusu tuzike nyumbani, mwulizeni. Hapo ndipo wakachanganyikiwa. Kama karuhusu, kwa nini hutaki?

Yunisi ndiye aliyejibu. Alisimama mlangoni, kitenge kiunoni. "Nilikuwepo. Mzee kasema anataka kwa Sela. Shemeji zangu, na wewe baba mdogo, msikie msisikie, ndivyo alivyosema."

Mpondo akamwangalia sana. Kisha akaweka fimbo chini akaondoka. Vijana wakamfuata, mmoja wao tu alibaki, na yeye kwa aibu.

Tulikuwa wachache mno. Katekista, Yunisi, watoto wangu, wafanyakazi wawili wa halmashauri, yule kijana. Tukaweka jeneza kwenye mkokoteni. Njia ile ile. Stendi, soko, mitumba. Nilitembea nikiangalia magurudumu.

Tulipofika makaburini walikuwepo. Unyasimbo. Sio wote, lakini wengi. Walikuwa wamepita njia ya nyuma ya majabali. Wanawake wameketi chini kandokando ya kaburi dogo, wanaume wamesimama na majembe, wanachimba zamu kwa zamu. Sijui nani aliwaambia. Mpondo hakuwepo.

Hakuna aliyenisalimia. Tulizika. Zamu ya kutupa udongo ilipofika, Mama Sela alikuja, akatupa, akapangusa mikono kwenye khanga. Akapita mbele yangu. Nilisubiri neno. Hata tusi. Akarudi kuketi kando ya kaburi dogo.

Nimerudi nyumbani, kitanda cha wasichana kimetandikwa.

Jumamosi, 9 Novemba

Matanga yameisha bila ukoo. Naenda kazini. Nagonga mihuri. Joto kali, hakuna wingu, ng'ombe wanakonda, watu wanauliza mvua kama vile ofisi yangu ndiyo inayoileta.

Jumatatu, 11 Novemba

Kuna barua.

Upanuzi wa kata haukuidhinishwa. Wakubwa wa juu wamesema utaratibu haukufuatwa, halmashauri ilianza kutekeleza kabla ya kibali. Kitongoji cha Unyasimbo kinabaki katika kata yake ya zamani, chini ya wilaya. Vigingi ving'olewe. Mtendaji awatangazie wananchi.

Yaani mpaka haukuwahi kuwepo. Siku ile ya Sela haukuwepo. Nilimtoa mama kwenye kaburi la mwanawe kwa sheria ambayo ilikuwa haijafika pale. Baba amelala mjini bure.

Nilikwenda kwa Mkurugenzi bila kuitwa. Sikubisha hodi. Nikamuuliza niwaambie nini. Kasema mambo ya utawala huwa hivyo, niwaambie tu kwamba halmashauri imesikiliza kilio chao. Yule mfanyabiashara keshapewa kiwanja upande mwingine, barabara ya kwenda Iguguno.

Nilitamani kumpiga. Nilitamani nife. Nilirudi ofisini nikafunga mlango nikakaa chini sakafuni, nyuma ya meza, mtu asinione. Watu waligonga. Sikufungua.

Jumanne, 12 Novemba

Nilitakiwa kutangaza mkutanoni. Nikaona siwezi kumwacha Mama Sela alisikie katikati ya watu. Nimekwenda kwake kwanza.

Mama Sela alikuwa anapepeta uwele. Hakuacha kupepeta. Nilisimama uani kama mdaiwa, nikamweleza yote: barua, kibali, tarehe. Sikuficha kitu. Nikasema kama anataka tumrudishe mtoto nyumbani, nitachimba mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, na kibali nitakitafuta hata kama ni kwenda Dodoma. Mpondo naye akisikia atasema hivyo hivyo kuhusu baba, turudishe wote.

Ungo ukasimama.

"Msimguse," kasema. "Mmeshamhamisha mara moja. Na mzee mwacheni, alikwenda kwa hiari yake."

Nikasema, "Nisamehe."

"Nyamaza, Elia."

Kaendelea kupepeta. Makapi yalikuwa yananipata usoni na sikusogea. Baadaye nikaona nimekuwa mzigo pale, nikaondoka.

Jumapili, 17 Novemba

Nimetangaza. Baadhi walipiga vigelegele. Wengi hawakusema lolote. Wazee wawili wamegombana pale pale kama mpaka wa zamani ulikuwa korongoni au kwenye majabali. Vijana wamekimbilia kung'oa vigingi, wamevigawana kwa kuni.

Mpondo kanijia mwisho wa mkutano. Kasema Yunisi ni mtu mkweli. Juu yangu mimi hakusema kitu. Kaondoka na ng'ombe wa baba, ndivyo ilivyopaswa, ndiye mkubwa sasa.

Alhamisi, 28 Novemba

Tembe la baba limeanza kubomoka upande wa upepo. Nyumba isiyo na moshi hailindiki, mchwa wameshaingia. Nimemwambia Yunisi tuhamie. Nilidhani atakataa, kule watu hawatusemeshi. Kasema hata mjini hawatusemeshi, afadhali huko kuna shamba.

Tutahama Jumapili. Kazini nitakwenda kwa baiskeli. Bado ni mtendaji wa Mawe Mawili. Sijaacha, sijaachishwa. Ile kazi niliyoifanyia yote haya ninayo.

Jumapili, 8 Desemba

Wiki nzima Unyasimbo. Tumekandika ukuta kwa udongo mpya. Watu wanapita njiani, wanamsalimia Yunisi, wananiruka. Sawa. Nimeacha kusubiri.

Usiku hulala nikisikia mama yuko nyuma ya zizi tupu na baba yuko ng'ambo ya mji. Sina la kufanya. Nalisema hivyo kila siku na kila siku linauma upya.

Jumapili, 15 Desemba

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Ya kwanza ya kweli. Korongo limejaa, linaunguruma. Tumepanda uwele na karanga kabla udongo haujashikana, mimi mbele, Yunisi nyuma. Watoto wametumwa kukinga maji ya paa.

Mchana nilikuwa nakausha miguu jikoni. Mama Sela katokeza mlangoni, kalowa, kashika kigae cha chungu. Paa lake limevuja, maji yamezima jiko.

"Hodi. Naomba moto."

Nilipokea kigae, nikachagua makaa makubwa matatu, nikayafunika kwa majivu ili upepo usiyale. Nikamrudishia kigae. Kakipokea kwa mikono miwili, kakiinamia kukikinga na mvua, kaenda zake.

Nimesimama mlangoni nikiangalia upande wa kwake. Moshi ulipoanza kutoka kwenye paa lake, nimerudi shambani.